Maji ya Mwali

Eufrazia aliandika tangazo kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha bati, akiwa amechuchumaa uani kwake, maharage yakichemka nyuma yake. MAJI YA ZIWA NI MARUFUKU KUNYWA, KUPIKIA NA KUOGA MPAKA MWAKA MPYA. Alisogea nyuma akalitazama. Neno la mwisho lilikuwa limebanana pembeni kama abiria aliyechelewa. Akaliacha hivyo. Hakuwa mtu wa kurudia kazi kwa ajili ya urembo.

Mumewe, Alois, aliyekuwa akipiga randa mguu wa kitanda cha watu, aliinua kichwa.

"Ungechora na fuvu. Wasiojua kusoma wafanyeje?"

"Wasiojua kusoma wana masikio. Imamu ametangaza Ijumaa, padri atatangaza kesho. Na Mwinjuma atapita na kipaza sauti, kama betri hajaziweka kwenye redio yake."

Alois akarudi kwenye randa. Jioni walilipigilia bati kwenye nguzo, pale njia inapoteremkia ziwani.

Ziwa la Lukwembe halikuwa kubwa. Mtu angeweza kulizunguka kwa miguu na kurudi akakuta uji wake bado wa moto. Maji yake yalitoka milimani, na asubuhi ukungu ulipoteremka kutoka Uluguru ulilala juu yake kwanza, ndipo ukapanda kwenye nyumba za watu. Tangu zamani wanawake walilisafisha wenyewe. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, walijipanga safu moja, maji kiunoni, wakang'oa magugu maji kwa mikono huku wanaimba na kusengenyana, na marundo yakaenda kuwa mbolea ya migomba.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Duka la ushirika likafungwa, ghala lake likawa la mitumba, na kila mtu akawa na biashara yake. Huyu alikaanga maandazi, yule alipeleka ndizi mjini, mwingine alipanga mkaa barabarani. Siku ya msaragambo walikuja wanawake wachache na mbuzi. Safari iliyofuata hata mbuzi hakuja. Magugu yakatanda mpaka bata wakawa wanavuka ziwa kwa kutembea.

Hapo ndipo Mwinjuma, mwenyekiti wa kijiji, alipompata mwekezaji aliyetaka kufunga pampu na kuyapeleka maji bondeni, kwenye mashamba yake na kwenye mabomba ya vitongoji vya huko. Pampu haipendi magugu. Mwinjuma akamwendea Eufrazia, kwa sababu Eufrazia alikuwa na diploma ya kilimo. Alikuwa bibi shamba wa serikali mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi. Sasa aliuza pembejeo mjini Morogoro, kwenye duka la Dharmesh.

"Ipo dawa?" Mwinjuma aliuliza.

"Dawa ipo, na inafanya kazi. Suala ni watu watachota wapi wakati inafanya kazi."

"Kijito cha juu."

"Basi waambieni watu wote. Nasema wote, mwenyekiti, si wale wanaokupigia kura tu."

Mwinjuma alicheka, na kweli aliwaambia wote. Vijana walipanda chelezo cha mapipa wakiwa na mabomba mgongoni, wakapulizia ziwa zima kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Eufrazia mwenyewe ndiye aliyepima dawa, kwa kifuniko cha kopo, bila kumwaga hata tone.

Magugu yalibadilika rangi, yakawa kama majani ya chai yaliyotumika, yakazama. Baadhi ya samaki walielea wakiwa wamegeuza matumbo juu. Waliobaki walihama. Asubuhi ukungu ulipoteremka walikuwa wamo ndani yake, perege wadogo kwa wakubwa, wakipita kati ya nyumba kwa kimo cha madirisha. Mmoja aliingia jikoni kwa Eufrazia wakati anachambua mchele. Alimfukuza kwa upande wa khanga kwa sababu alikuwa anadondosha maji kwenye ungo. Perege alizunguka chungu mara moja, akatokea mlangoni.

Majirani walitundika vyandarua kwenye nyua. Eufrazia aliwaambia wasile samaki wale. Wakamwitikia vizuri, wakala. Mwinjuma alitangaza kwa kipaza sauti kwamba samaki wa ukungu bado ni mali ya kijiji.

Wakati huo Juliana, binti wa Eufrazia, alikuwa mwali. Alikuwa amewekwa ndani kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa Bi Nasra, mama mdogo wa Eufrazia, ambaye ndiye aliyekuwa somo wake. Eufrazia hakulipenda sana jambo lile. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba, amechaguliwa sekondari mjini, na sare yake ilikwisha kushonwa, imekunjwa kwenye sanduku la bati pamoja na daftari na sabuni. Lakini kaka wa Eufrazia, Pazi, ambaye kama mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, alisema mtoto hawezi kwenda kusoma akiwa hajachezwa. Eufrazia alikubali kwa sharti moja.

"Shule ikifunguliwa namtaka awe nje, ameoga, amesuka nywele. Mkizidisha hata kidogo nakuja kubomoa mlango."

"Bomoa," Pazi alisema. "Utalipa mbuzi, halafu tutakula wote."

Katika ukoo wao mama hamuoni mwali mpaka atoke. Somo peke yake ndiye anayemlisha, anayemfunda na kumwogesha, na tangu siku anayoanza kazi hiyo hasemi na mtu mwingine wala hasemeshwi. Jua linapozama anateremka ziwani na mtungi, amejifunika kaniki kichwani, macho kwenye vidole vya miguu yake. Anayekutana naye hugeuza uso mpaka nyayo zipite. Ukimtazama, ukiyatazama maji yale, mwali hatazaa. Na maji lazima yawe ya ziwa. Wanawake wote wa ukoo walitolewa kwa maji yale, na Eufrazia naye, na mama yake, na mama wa mama yake.

Jioni moja Eufrazia alikuwa anapanda kutoka barabarani na kapu la nyanya. Kwenye kona ya shamba la mihogo aliona kaniki nyeusi ikija na mtungi juu yake. Aligeuka, akaelekeza uso kwenye mihogo. Alichagua jani moja, akalitazama kwa makini, jinsi lilivyogawanyika vidole, jinsi funza mweupe alivyolala kwenye kikonyo. Nyayo zikapita nyuma yake. Matone yalianguka kwenye vumbi, pwa, pwa, kwa hiyo mtungi ulikuwa umejaa.

Alibaki anatazama jani.

Bi Nasra hakujua kusoma. Msikitini alikuwa haendi tangu aanze kazi ya somo. Kipaza sauti cha Mwinjuma kilikuwa kimepita mbele ya nyumba yake, lakini kwenye nyumba yenye mwali watu hunyamaza, na Mwinjuma, ambaye ni mtu wa adabu, alikizima mpaka alipovuka uzio. Harufu ya dawa asingeinusa, maana pua yake ilikuwa ya ugoro tu miaka yote. Jioni zote zile kijiji kizima kilikuwa kimemwona akiteremka na kupanda na mtungi. Kila mtu aligeuza uso, na kila mtu alidhani yuko mwingine aliyekwisha kumwambia.

Eufrazia angeweza kugeuka na kumwita. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Aliwahi kumwambia mkuu wa wilaya, mbele ya watu, kwamba mahindi yake yana njaa. Lakini hili la kugeuza uso lilikuwa limeingia ndani yake kabla ya kusoma, kabla ya diploma, karibu sawa na kutembea. Alipogeuka, njia ilikuwa tupu na imelowa.

Alikwenda kwa Pazi.

"Mwambie Mama Mdogo maji yana dawa."

"Mimi? Mwanaume akasemeshe somo? Kwani umechoka kuwa na kaka?"

"Basi mtoe mtoto leo."

"Ngoma imepangwa Jumamosi, Eufrazia. Watu wamekwisha kuloweka mtama wa pombe. Zimebaki siku chache tu, amekwisha kuoga maji yale siku zote hizo. Kama angedhurika, tungesikia."

Eufrazia akatoka, akaenda mpaka kwenye uzio wa Bi Nasra. Hapakuwa na mtu uani ila kuku. Akasimama, akawasemesha kuku kwa sauti ya kufika chumba cha nyuma.

"Nyie kuku. Maji ya ziwa yana dawa ya magugu. Asiyanywe mtu."

Kuku walimtazama kwa jicho moja moja. Pakasikika mlango wa banda ukifunguliwa kwa upande wa pili. Bi Nasra alitoka amejifunika, akawaswaga kuku wote bandani na kuwafungia. Eufrazia alirudi nyumbani na moyo umetulia kidogo. Ujumbe ulikuwa umefika.

Jumamosi ngoma ilianza mapema, ukungu ukiwa bado mzito kiasi kwamba wapiga ngoma walionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Perege walikuwa wanapita juu ya vichwa vya watu, na watoto waliwarukia bila kuwapata. Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Bi Nasra akamtoa Juliana kwa mkono, amevaa khanga mpya na shanga shingoni.

Mwali akikaa ndani hutakata. Ndiyo maana anawekwa mbali na jua, na akitoka watu husifu ngozi yake. Juliana alikuwa ametakata kuliko mwali yeyote aliyewahi kutoka Lukwembe. Shanga zilizo nyuma ya shingo yake zilionekana kutokea mbele. Mwanga ulipita kwenye mashavu yake kama unavyopita kwenye chupa ya mafuta ya nazi. Wanawake walipiga vigelegele.

"Hongera, Mama Juliana, mtoto ametakata."

"Huyu ndiye mwali sasa. Wengine tulitolewa tumeungua ungua."

Eufrazia alimsogelea. Kupitia kifua cha mwanawe aliona misumari ya mlango, mmoja mmoja.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akamgeukia Bi Nasra, ambaye sasa aliruhusiwa kusema. "Mama Mdogo, mimi nilikuja hapa nikasema."

"Nilikusikia, mwanangu. Kuku wote niliwafungia."

"Na mtoto?"

Bi Nasra alimtazama kama anayeulizwa jambo la ajabu. "Ulisema yasinywewe. Mwali hanywi maji ya ziwa. Anaoga."

Pazi akainama, vijana wakampandisha Juliana mabegani mwake kama ilivyo desturi, na mjomba akaanza kucheza. Alizunguka mara moja, akasimama.

"Mbona sijambeba?"

"Nipo, Mjomba," Juliana alisema kutoka juu.

Pazi aliangalia juu, akaridhika, akaendelea kucheza huku amemshika kifundo cha mguu. Jasho lilipomtoka, mkono uliteleza. Juliana akaanza kupanda polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayenyanyuka kwenye mkeka. Perege walimpisha. Eufrazia alirusha mkono akakamata pindo la khanga, akavuta kama anavyovuta mtoto asivuke barabara. Khanga ilimrudia mkononi, yote, imelowa chapa. Juu, ukungu ulikuwa na umbo la msichana, kisha ukawa na sauti yake tu.

"Mama, sare yangu iko wapi?"

"Sandukuni. Usipande sana. Umetoka kwenye joto, utashikwa na kifua."

Wapiga ngoma hawakuacha kupiga, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewaambia waache. Jua lilipochomoza vizuri ukungu ukapanda milimani, na watu wakaingia kunywa pombe.

Jumatatu Eufrazia alifika dukani, akachukua kopo la dawa, akaliweka mezani mbele ya Dharmesh.

"Humu wameandika inaua magugu. Hayo mengine hawajaandika."

Dharmesh alilisoma kopo pande zote, taratibu, na maandishi madogo akayasoma kwa miwani ya mama yake, Bhanumati, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha kila siku karibu na mifuko ya mbegu.

"Kweli hawajaandika," alisema. "Pole sana, Mama Juliana. Yuko wapi sasa?"

"Nadhani juu ya Lukwembe. Mchana huwa simwoni."

Bhanumati akasema kwamba jana asubuhi samaki mmoja alikatiza mbele ya duka, akaenda upande wa stendi. Akamimina chai, akamsukumia Eufrazia kikombe.

"Mwinjuma amekwisha kulipia ya mwakani," Dharmesh alisema, bila kumtazama. "Ya pipa zima."

Eufrazia alikunywa chai, akamwendea Mwinjuma. Alimkuta ziwani na mgeni kutoka wilayani, aliyekuja kulipiga picha. Maji yalikuwa safi kabisa. Sakafu ya ziwa ilionekana hadi katikati, na juu yake hapakuwa na kitu chochote kinachotembea.

"Kazi nzuri," mgeni alisema. Perege aliyechelewa ukungu alimpitia kwenye miwani, naye mgeni akampunga kama inzi.

Eufrazia akamvuta Mwinjuma pembeni. "Usipulizie tena. Nitawaita wanawake, tutang'oa kwa mikono kama zamani."

"Mtoto yupo, au hayupo?"

"Yupo."

"Anaongea?"

"Anaongea."

"Basi tumshukuru Mungu. Pampu inafungwa wiki ijayo, dada. Huyu mwekezaji tukimzungusha ataenda kufunga Mikese."

Eufrazia aliwaita wanawake hata hivyo. Alipita nyumba kwa nyumba. Walimpa pole, walimpa maandazi, wakasema watakuja wakishatoka sokoni. Siku ya kazi waliingia majini yeye na Bi Nasra tu, mama mdogo akiwa ameshika kiuno chake kwa mkono mmoja. Hawakukuta cha kung'oa. Walisimama kwenye maji yale yanayong'aa, wakatoka.

Juliana aliendelea kuja. Kila ukungu ulipoteremka alifika dirishani, kwanza nywele, kisha uso, kisha viwiko akiviegemeza kwenye fremu aliyoitengeneza baba yake. Alois alilipiga dirisha randa ili lisimchome. Eufrazia alimchana kwa kitana cha mti, ambacho kilibaki kimelowa mpaka mchana, akamuuliza kama amekula, akamsomesha. Alikuwa amekwenda kwa mwalimu mkuu wa sekondari kueleza, na mwalimu alifikiri, akakubali kumhesabu kuwa amehudhuria siku za ukungu. Hesabu zilikuwa zinapanda. Kiingereza kilimsumbua kama kinavyowasumbua wenzake wa chini.

"Kule juu kukoje?" Alois alimuuliza siku moja.

"Baridi, Baba. Na samaki wanakoroma."

Jua likigusa migomba alikuwa anapungua kuanzia miguuni, na Eufrazia alikunja daftari kabla halijalowa zaidi.

Mwaka uliofuata magugu yalichipua tena, na vijana wakapanda chelezo na mabomba yao. Dawa ilipimwa na mtu mwingine, kwa sababu Eufrazia alikataa. Yeye aliandika bati jipya. Safari hii alichora fuvu, kubwa, na akalipigilia chini kabisa ya nguzo, pale panapofika macho ya mtu anayetazama vidole vya miguu yake. Jua lilipokuwa linazama alikwenda kusimama kwenye kona ya mihogo. Kulikuwa na mwali kwenye nyumba ya upande wa pili, na somo wake alipokuja na mtungi, Eufrazia hakugeuza uso. Alimtazama, akamsemesha, akamwambia maji yana dawa, asimwogeshe mtoto, akautwaa mtungi na kuumwaga. Akatozwa mbuzi. Pazi ndiye aliyetangaza faini, na alipotangaza alikuwa anatazama chini. Mwali yule alitoka hajaogeshwa, mweusi na mzito, na mjomba wake alimbeba kwa shida huku watu wanamcheka.

Bondeni hakuna nguzo yenye bati. Maji ya pampu huko hutoka kwenye bomba, safi, hayana hata ukoka, na watu huyakinga asubuhi kabla ya kwenda shambani.

Ukungu wa kwanza baada ya hapo ulikuja mzito. Eufrazia alikuwa ameweka uji wa Juliana dirishani, ule anaounusa tu, na kitana kando yake. Nywele zilifika, uso ukafika, viwiko vikafika. Pembeni ya viwiko ikatokea mikono mingine midogo, imekamata fremu kwa vidole.

"Mama, nimekuja na mtu," Juliana alisema.

Alikuwa mtoto wa kike wa kama darasa la pili. Sare yake ya shule ilikuwa inachuruzika. Kupitia paji lake la uso Eufrazia aliona mgomba.

"Wa wapi huyu?"

"Wa bondeni. Wako wengine nyuma, wanaogopa mbwa."

Eufrazia alichungulia nje. Ukungu ulikuwa umejaa ua, umefika mpaka kwenye banda la Alois, na ndani yake perege hawakuonekana vizuri kwa sababu ya wingi wa watoto.

"Shikamoo," yule mdogo alisema.

"Marahaba. Mama yako anajua uko huku?"

Mtoto alitikisa kichwa kwamba hajui. Matone yakaruka kwenye uji.

Eufrazia aliingia ndani, akachochea moto, akaongeza maji ya kijito kwenye sufuria na unga juu yake. Aliporudi dirishani aliwakuta wamejipanga mstari wenyewe, mpaka uzioni, kama wanaosubiri kuingia darasani.

"Msisukumane," aliwaambia. "Kitana kiko kimoja."